Udongo Uliorushwa Juu

Inspekta Nekoye alimsogezea Akoth kikombe cha chai na mandazi mawili, kisha akavuta kiti na kuketi naye upande mmoja wa meza. Konstebo Oluoch, aliyesimama mlangoni, alikunja uso. Kwa Oluoch, mshukiwa huketi kule na afisa huku, na chai ni ya afisa.

"Kula kwanza," Nekoye alisema.

"Siwezi, afande. Mtoto wangu sijui hata kama amekula."

Akoth alikuwa mwanamke wa miaka ishirini na kitu, mfanyakazi wa nyumba katika mtaa wa Ayany jijini Nairobi, na usiku uliopita alikuwa amelala sakafuni mwa seli. Aliyemleta kituoni ni tajiri wake mwenyewe, Mutuku, akilia na kufoka kwa pamoja. Baba yake Mutuku, Mzee Muli, alikuwa ametoweka tangu Alhamisi asubuhi, na sasa ilikuwa Jumamosi. Mzee alikuwa na ugonjwa wa sukari, kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kulegea, na dawa zake zilibaki mezani. Jikoni nako palikosekana mahindi na maharagwe, kopo la gorogoro moja moja, pamoja na pakiti ya chumvi. Mutuku alijijumlishia mwenyewe: msichana anaiba chakula kidogo kidogo, mzee akamfumania, msichana akamfanyia jambo. Oluoch aliipenda sana hesabu hiyo kwa sababu haikumtaka atembee. Mzee asipoonekana, korti zikifunguliwa Jumatatu, Akoth angepandishwa kizimbani, na si kwa wizi wa maharagwe.

"Mtoto yuko wapi?"

"Kwa jirani, Gatwekera. Anaitwa Celine. Nilimwambia naenda kazi narudi."

Nekoye alikuwa amehoji watu wengi kwenye chumba hicho na alijua machozi ya kila aina. Haya yalimgusa. Hakulificha hilo, alimshika Akoth mkono, Oluoch akatazama dari.

"Niambie vile Alhamisi ilikuwa."

"Nilifika, Mutuku akaenda kazi. Nikampea mzee uji, akameza dawa. Nikashuka duka kununua maziwa. Kurudi, mlango iko wazi. Nikafikiria ako kwa balkoni, juu hapo ndio yeye hupenda kusimama."

"Akiangalia nini?"

"Akiangalia chini tu. Siku moja aliniuliza, maji ya mvua huku huenda wapi? Nikamwambia inashuka Gatwekera, inaingia mto, halafu mto inaingia dam kule Silanga. Akafurahi ajabu. Akasema, kumbe hata huku kuna chini."

"Kumbe hata huku kuna chini," Nekoye alirudia polepole.

Oluoch alicheka puani. "Madam, mzee amechanganyikiwa. Hiyo si ushahidi."

"Hajachanganyikiwa!" Akoth aligeuka kwa hasira iliyowashangaza wote wawili. "Anasahau kama amekula. Anasahau siku. Lakini mimi ananijua, na ananiuliza Celine kila asubuhi. Mnaniuliza mahindi, mahindi. Hakuna mtu ameniuliza kama hata mimi namtafuta."

Nekoye aliinuka. Alimwambia Oluoch achukue kofia yake, wanakwenda Ayany.

Njiani Oluoch alikuwa mkimya kuliko kawaida yake, na alikuwa na sababu. Jana yake alikuwa amekimbilia Kawangware baada ya kupigiwa simu kwamba Mzee Muli ameonekana sokoni. Kweli alimkuta mzee pale, mwenye kofia, mwenye mvi, ambaye alipoulizwa kama yeye ni Muli alikubali. Oluoch alimnunulia chapati na maharagwe, akampakia kwenye gari la polisi kwa heshima zote. Ni kwenye kaunta ya kituo ndipo mzee yule alipoeleza kwa upole kwamba yeye anaitwa Makau, kwake ni palepale Kawangware, na kwamba hakutaka kumvunja moyo kijana aliyekuwa na adabu kiasi kile. Kituo kizima kilikuwa bado kinamuuliza Oluoch kama amempata babake.

Kwenye lango la nyumba za Ayany walipokelewa na Kyalo, mlinzi na mwangalizi wa ploti hiyo, mtu mwembamba mwenye manung'uniko mengi.

"Na jembe yangu je? Nilimwambia huyu afande jana, akaniambia ngoja kwanza tutafute binadamu."

"Tulikuwa tunatafuta binadamu," alisema Oluoch.

Nekoye alisimama. "Jembe lilipotea lini?"

"Hiyo Alhamisi. Nilikuwa nimeisimamisha hapo kwa maua. Nikaenda kufungulia lori ya maji, kurudi hakuna."

"Na lango lilikuwa wazi kwa sababu ya lori."

"Ndio, madam."

Nekoye alimshukuru, akapanda ngazi hadi orofa ya juu kabisa. Oluoch alijua kuna jambo. Alikuwa ameanza kupanda ngazi mbilimbili.

Mutuku aliwafungulia akiwa na shati la juzi. Alikuwa mtu wa ofisi ya bima, mwenye sauti ya kujibu simu za wateja, na sauti hiyo ilikuwa imekauka. Mezani palikuwa na rundo la matangazo yenye picha ya baba yake. Mzee Muli alikuwa amevaa suti nyeusi na kofia ya duara, akitazama kando.

"Hii ilipigwa wapi?"

"Kwenye mazishi ya mama, Agosti."

Nekoye alizunguka nyumba. Nyuma ya mlango wa chumba cha mzee palitundikwa koti zito la sufi na kofia ileile ya duara. Fimbo ilikuwa imeegemezwa ukutani. Chini ya kitanda palikuwa na viatu vya ngozi vilivyopakwa rangi.

"Amevaa nini miguuni?"

Mutuku alitazama, akababaika. "Alikuja na gambuti kutoka nyumbani. Nilimwambia azitupe." Akainama kuchungulia. "Hazipo."

"Kaa chini," Nekoye alisema. "Nieleze kwenu."

"Kwetu? Makueni."

"Makueni ni kubwa. Nieleze kama mtu ambaye ataenda kutembea huko kwa miguu."

Mutuku alimtazama kama anayetaka kulalamika kwamba muda unapotea. Kisha akafumba macho, na sauti ya ofisi ikamtoka kabisa.

"Watu wakisikia Makueni wanafikiria jua na vumbi, mito ya mchanga, vitu unaona ukienda Mombasa. Hiyo ni chini. Sisi ni wa juu, milima ya Mbooni. Huko ni baridi. Ukungu unakaa mpaka uko karibu kula chakula cha mchana. Hakuna mahali tambarare, madam, hata pa mtoto kuchezea mpira. Ukiuachilia unaenda kuuokota kwa watu wengine. Nyumba ziko mgongoni mwa kilima, soko liko juu zaidi, maji yako chini. Hakuna mtu anakuelekeza kulia au kushoto. Unaambiwa panda, ama unaambiwa shuka."

"Mashamba?"

"Yanang'ang'ania ukutani. Ndiyo maana kila shamba lina matuta, unayaona kutoka mbali yakizunguka mlima mzima. Unachimba mtaro, halafu udongo unaurusha upande wa juu. Tunaita fanya juu. Kurusha chini ni rahisi, mgongo hauumi, lakini mvua ya Novemba ikija inaubeba wote mpaka mtoni. Mamangu akiona mtu anarusha chini, alikuwa anampokonya jembe." Mutuku alicheka, na kicheko hicho kikageuka kilio palepale. Nekoye akamwacha alie.

"Ni nani huchimba?" aliuliza baadaye. "Mtu mmoja hawezi mlima."

"Mwethya. Ni kikundi cha majirani. Leo kwako, kesho kwangu, mpaka kila mtu amefikiwa. Unaamka mapema, unashuka, kila mtu anakuja na jembe lake na mahindi na maharagwe kidogo, inapikwa kwa sufuria moja na..."

Oluoch, aliyekuwa ameegemea jokofu, akasimama wima.

"Anakuja na nini?" Nekoye aliuliza kwa upole.

Mutuku alijifunika uso. "Jembe lake," alisema, "na mahindi na maharagwe."

"Sote tumemtafuta kwenye stendi za mabasi ya kwenda kwenu Ukambani," Nekoye alisema, "kwa sababu tulijua mzee aliyekumbuka kwao atataka kurudi. Lakini anayesafiri huvaa koti na kofia, hubeba fimbo. Vyote vile pale. Huyu amevaa gambuti, akabeba chakula cha sufuria ya pamoja, na jembe la Kyalo akalikuta njiani. Hakwenda safari. Amekwenda shambani."

"Shamba gani, Nairobi?"

"Kwenu mtu akienda mwethya, anaelekea wapi?"

"Chini," Mutuku alisema. "Anafuata maji."

Nekoye alizoa dawa zilizokuwa mezani, akazitia mfukoni.

Walipitia kituoni kumchukua Akoth. Oluoch alijaribu kukumbusha kwamba huyo bado ni mshukiwa, akajibiwa kwamba ndiye anayejua njia za maji na ndiye ambaye mzee humwita kwa jina, na kama Oluoch ana mtu mwingine wa aina hiyo amlete. Akoth na Mutuku hawakutazamana. Mutuku alifungua mdomo mara moja kutaka kusema, lakini Akoth akatangulia mbele.

Waliteremkia Gatwekera kwa miguu, wakifuata mfereji uliopita katikati ya nyumba za udongo na mabati, wakikwepa nguo zilizoanikwa na majiko ya watu. Mbele ya mlango mmoja mtoto mdogo wa kike alinyanyuka ghafla na kukimbia. Akoth alimdaka, akamnusa nywele, akamkumbatia kwa nguvu hadi mtoto akalalamika. "Mbona hukukuja kulala?" Celine aliuliza kwa sauti ya kutosha mtaa mzima. Akoth alimdanganya kitu fulani, akamrudisha kwa jirani, akajifuta uso kwa kiganja. Mutuku aliyaona yote. Ulikuwa ni uso wa mtu ambaye angependa ardhi immeze.

Nekoye sasa hakuwa akionyesha ile picha ya suti. Alimuuliza mama mmoja aliyekuwa akikaanga samaki kando ya njia, "Umeona mzee amebeba jembe?"

"Mzee wa jembe na gambuti? Huyo alipita hapa Alhamisi. Alinisalimia kwa mkono hata kama ilikuwa na mafuta. Akaniuliza, haya maji yanaenda kwa watu?"

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia yanaenda Silanga, na kuna watu."

"Jana nilipita hapa na picha," alisema Oluoch kwa uchungu.

"Ulikuwa na picha ya mtu wa suti, ndugu yangu. Wa suti hakupita."

Silanga ilipofunguka mbele yao, mabati yalipungua na kijani kikaanza. Mashamba madogo ya sukuma, miwa na viazi vitamu yaliteremka hadi ukingo wa bwawa, na juu yake wauzaji wa makaa walikuwa wamepanga magunia yao. Watu wengi walikuwa wameinama wakilima, wake kwa waume, na wengi walikuwa wamejifunika vichwa kwa kofia na leso. Kutoka pale juu usingeweza kumtambua yeyote.

"Tumwite kwa jina?" aliuliza Oluoch.

"Ngoja," alisema Nekoye.

Hakuwa anatazama watu. Alikuwa anatazama mitaro. Kila shamba lilikuwa na mtaro wake wa kupitishia maji, na karibu kila mmoja udongo wake ulikuwa umelundikwa upande wa chini, mahali rahisi pa kuutupa. Mvua za majuzi zilikuwa zimekwisha kuukokota hadi majini. Aliipitia moja baada ya nyingine kwa macho, bila haraka, mpaka akafika kwenye shamba moja jembamba karibu na migomba ya ndizi, mwinuko mkali kuliko yote. Pale palikuwa na matuta matatu yaliyonyooka, mapya, na udongo wote ulikuwa umekaa upande wa juu.

Mutuku naye aliyaona. Hakungoja mtu. Alishuka mbio na viatu vyake vya ofisi, akateleza, akainuka, akateleza tena.

Mzee Muli alikuwa kwenye tuta la nne. Alikuwa amevaa sweta lililotoboka viwikoni, amenyong'onyea kidogo, lakini mikono yake ilikuwa inajua inachofanya. Karibu naye mwanamke mnene wa makamo alikuwa akipanda matawi ya viazi kwenye tuta lililokwisha kukamilika. Alijitambulisha kwa Nekoye kuwa ni Mama Brandon, akaweka mikono kiunoni alipoona sare ya Oluoch.

"Mmekuja kumshika? Kwa kosa gani?"

"Tumekuja kumtafuta, mama. Amefikaje kwako?"

"Alisimama hapo juu akaniangalia. Akaniuliza, mama, unachimba peke yako? Nikasema ndio, bwana yangu alifariki, niko peke yangu. Akaja na mahindi yake na jembe yake, tukachimba. Jioni nikamkataza kupanda hii mlima na giza, nikamlaza kwa kitanda ya Brandon. Nikamuuliza, nyumbani wanajua? Akasema kijana wake anajua. Mimi nikafikiria ni mambo ya kanisa, wametuma wazee wasaidie wajane."

Akoth alikuwa tayari amepiga magoti kwenye udongo. Nekoye alimpa zile dawa, naye akammezesha mzee na maji ya kwenye kibuyu cha plastiki, akimkemea kwa sauti ndogo kama anavyokemewa mzazi. Mzee alimeza bila ubishi.

"Celine hajambo?" aliuliza.

"Hajambo, mzee."

Nekoye alichuchumaa mbele yake. Alikuwa amejiandaa kwa maneno ya taratibu, yale ya kumrudisha mtu kutoka alikopotelea. "Baba," alisema, "hapa ni Nairobi. Unajua si Mbooni?"

Mzee Muli alimtazama kwa huruma.

"Mama, naona ndege zinapita, naona mabati mpaka mwisho wa dunia. Nani aliyekwambia nadhani hapa ni Mbooni?"

Inspekta Nekoye, aliyekuwa amepatia kila kitu hadi hapo, aliona aibu.

"Mke wangu Mbithe alipokufa," mzee aliendelea, "mwethya yote ilikuja. Walimchimbia kwenye mwamba, siku mbili, mikono yao ikatoka malengelenge. Walitupikia. Walimaliza na tuta lake aliloliacha nusu. Kesho yake huyu kijana akanitia kwenye gari. Sikushika jembe la mtu yeyote. Tangu hapo nimekaa juu kule nikila na kulala, na mvua zinakuja. Kule sitafika tena, miguu imekataa. Nikasema hata huku lazima kuna mtu anachimba peke yake."

"Ungeniambia, baba," alisema Mutuku. Suruali yake ilikuwa matope hadi magotini. "Ungeniambia tu."

"Nilikuambia."

"Lini?"

"Alhamisi. Ulikuwa unavaa viatu. Nikakwambia, leo naenda mwethya, kazi ikiwa kubwa nitalala huko. Ukasema, sawa baba. Ulikuwa unaongea na simu yako."

Nekoye alimtazama Mutuku akitafuta ile asubuhi kichwani mwake, na akaona dakika aliyoipata. Mutuku hakukana. Aliketi palepale juu ya udongo.

"Baba, nilimfungisha Akoth," alisema. "Nilisema amekuua."

Mzee alichelewa kuelewa. Alimgeukia Akoth, akazitazama nguo zake zilizochafuka na macho yake yaliyovimba, na ndipo akamsogelea.

"Amelala huko kwa ajili yangu?"

"Usiku mmoja tu, mzee," Akoth alisema. "Imeisha."

"Haijaisha." Mzee Muli alishika bega la mwanawe, akajiinua nalo, akamkabidhi jembe. "Maliza hili tuta la mama. Ukimaliza, kuna nyumba ya huyu Akoth. Ukuta wake wa nyuma umeanguka, aliniambia. Unajua kukanda udongo?"

"Nitajifunza."

"Hutajifunza. Nilikufundisha mwenyewe. Umesahau."

Mutuku alivua viatu na soksi. Alichimba vibaya mwanzoni, kisha mgongo ukakumbuka, akaendelea bila kusimama, jasho na machozi vikimtoka pamoja. Oluoch alimtazama kwa muda, akavua kofia ya serikali, akaomba jembe la pili kwa Mama Brandon. Nekoye aliingia kando ya miwa na kupiga simu kituoni. Alisema Akoth asiandikwe tena popote, na mwenye swali amngoje yeye.

Jua lilikuwa bado juu walipofika mwisho wa tuta. Mutuku alikwenda akasimama mbele ya Akoth, jembe mkononi, na ilikuwa dhahiri kwamba alikuwa ametunga maneno mengi na yote yamemkimbia.

"Nije kesho?" aliuliza.

Akoth alimtazama kutoka miguu yenye matope hadi usoni, kama mtu anayechagua fundi.

"Kesho naenda kanisa na mtoto wangu," alisema. "Kuja Jumatatu."

"Jumatatu niko ka..." Mutuku alianza.

Baba yake aliinua macho. Mama Brandon naye, na Oluoch, na Inspekta Nekoye, wote wakamtazama.

"Saa ngapi?" Mutuku aliuliza.

"Mapema," alisema Akoth. "Na kila mtu anakuja na chakula yake."